KENGELE YA MVUA IKIWA KIMYA
Mambo ya kutazama kabla ya kununua chipu nyengine

Wanachama wapenzi,

Vijana wa baadhi ya wanachama wetu siku hizi hujitengenezea kengele ndogo za mvua za kuweka kando ya majamvi ya karafuu. Jambo hili ni jema. Karafuu zataka jua zuri la siku 4 au 5 hivi hata zikauke sawasawa, na zikirowa katikati huvunda, rangi ikaharibika na bei ikashuka. Lakini mara nyingi kengele ikisha kufungwa huwa kimya, na mwenyewe huamua kuwa chipu imekufa, akaitupa na kwenda kununua nyengine. Aghalabu chipu huwa nzima, na kasoro imo katika nyaya. Kwa hiyo twaeleza hapa namna ya kuitafuta.

Chipu itumiwayo sana na wanaojifunza ni ATmega328P yenye miguu 28. Hiyo ni mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayofuata programu iliyotiwa ndani yake. Ili iende yahitaji mambo manne: umeme, ruhusa ya kuanza, mapigo ya saa, na programu. Yatazameni kwa mpango huo huo wala msiruke, kwani la pili halipimiki ikiwa la kwanza lina kasoro. Na kila mara badilini kitu kimoja tu, kisha jaribuni.

KWANZA, UMEME. Wekeni chipu pengo lake dogo lielekee juu. Mguu wa 1 ni ule wa juu kushoto. Hesabuni mkishuka hata wa 14, kisha mpande upande wa kulia kutoka wa 15 hata wa 28. Umeme huingia kwa mguu wa 7 na wa 20; mguu wa 8 na wa 22 hufungwa upande wa hasi wa betri. Wengi hufunga wa 7 na wa 8 tu wakaisahau miwili mingine. Chukueni mita, ncha nyeusi muiweke mguu wa 8 na nyekundu mguu wa 7, kisha mguu wa 20. Halafu nyeusi muihamishe mguu wa 22. Pimeni kwenye mguu wenyewe, si kwenye betri, maana baadhi ya mbao za matundu za kuchomekea nyaya zina mistari ya umeme iliyokatika katikati, na kwa macho huwezi kujua.

Mawe 3 ya tochi hutoa volti 4.5, nayo yatosha. Betri ya volti 9 msiifunge moja kwa moja, kwani kikomo cha chipu ni volti 6. Hata mawe 4 mapya yaweza kupita kikomo hicho kidogo. Chipu ikiwa ya moto mkiigusa, ondoeni umeme mara moja, huenda imegeuzwa. Kadhalika tieni kapasita ya nanofaradi 100 baina ya mguu wa 7 na wa 8, karibu kabisa na chipu, ili kuutuliza umeme.

PILI, RUHUSA YA KUANZA. Mguu wa 1 ukigusana na upande wa hasi, chipu husimama ikingoja. Fungeni rezista ya omu 10,000 kutoka mguu huo hadi upande wa chanya. Mita yapasa ionyeshe karibu volti zile zile za betri. Ikionyesha sifuri, upo waya unaougusa mguu huo mahali pasipofaa.

TATU, MAPIGO YA SAA. Chipu mpya itokayo kiwandani hutumia saa yake ya ndani kwa mwendo wa megahezi 1. Programu ikiwa imetayarishwa kwa megahezi 16, kila jambo litachelewa mara 16: taa iliyotakiwa kuwaka sekunde 1 itawaka sekunde 16, na mwenye haraka atasema kifaa hakiendi. Ngojeni dakika nzima kabla ya kuhukumu.

Kinyume chake, chipu iliyopangwa kutumia kristali ya nje, kama zile zitolewazo kwenye ubao wa Arduino Uno, bila ya kristali haiendi kabisa wala haikubali programu mpya. Hii ndiyo chipu itupwayo bure. Tieni kristali ya megahezi 16 baina ya mguu wa 9 na wa 10, na kutoka kila mguu kapasita ya pikofaradi 22 hadi upande wa hasi, nayo itaamka.

NNE, PROGRAMU. Wekeni kando kengele na kila kitu, mbaki na taa moja ya LED ya kuwaka na kuzima. Jihadharini na hesabu: namba 13 katika programu za Arduino si mguu wa 13 wa chipu, bali ni mguu wa 19. Kutoka hapo pitisheni rezista ya omu 330, kisha mguu mrefu wa taa. Mguu mfupi uende upande wa hasi. Isipowaka, toeni waya kwenye mguu wa 19 muuguse upande wa chanya. Ikiwaka, taa ni nzima, basi tazameni programu. Isipowaka, taa imegeuzwa au imeungua.

Taa ikisha kumeta, ongezeni kipande cha kuhisi maji, mjaribu. Kisha kengele, mjaribu tena. Kengele kubwa ipitishiwe transista, kwani haifai mguu mmoja wa chipu kutoa zaidi ya miliampea 20.

Yote haya yakiwa sawa na chipu ingali kimya, ijaribuni katika kifaa cha mwenzenu kinachofanya kazi. Huko nako ikikataa, hapo ndipo mnunue nyengine.

Kengele ikisha kutengenea, kila asubuhi kabla ya kuanika itoneeni matone ya maji muisikie ikilia. Wala majamvi yasiachwe bila ya mtu, kwa kuwa mawe ya tochi huisha bila ya kubisha hodi.

Wassalaam,
Katibu