Leseni ya Dereva na Makosa ya Zamani

Madereva wengi wa Kenya huiacha leseni ikaisha muda wake kwa sababu ya hofu tu. Dereva aliyekamatwa zamani kwa kwenda mbio, akapewa tarehe ya kufika kortini asiende, hudhani kwamba akiomba leseni mpya atatiwa mbaroni papo hapo. Basi huendelea kuendesha motokaa kwa leseni iliyokwisha, akaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Yafaa ijulikane kwamba kosa lililokwisha kuamuliwa si sawa na kosa lililoachwa njiani. Aliyehukumiwa akalipa faini yake yote, deni lake limekwisha, na faini hiyo peke yake haimnyimi leseni. Anayezuiwa ni yule aliyeondolewa na korti haki ya kuendesha gari kwa muda fulani. Huyo hana budi kungoja muda huo uishe.

Taabu iko kwa yule asiyefika kortini. Mtu aliyeacha fedha za dhamana kwa polisi aghalabu hufikiri kwamba hizo ndizo faini na mambo yamekwisha. Sivyo hata kidogo. Dhamana ni ahadi ya kufika mbele ya hakimu. Asipofika, fedha zake huweza kuchukuliwa na Serikali, hakimu huweza kutoa hati ya kumkamata, na kesi ingali pale pale. Hati hiyo haifi kwa kukaa, bali hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na korti.

Iliyo bora ni kwenda mwenyewe kabla ya kutafutwa. Aende katika korti iliyoandikwa katika karatasi aliyopewa na polisi, wala si ile iliyo karibu na nyumbani kwake, akichukua kitambulisho na stakabadhi ya dhamana. Amwombe karani amtafutie faili, kisha aombe hati ifutwe na kesi isikizwe. Stakabadhi ya faini aihifadhi vizuri, maana karatasi za korti huweza kupotea.

Leseni huombwa kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kwa njia ya mtandao. Asiyezoea mtandao huweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Katika orodha ya makosa madogo iliyotangazwa mwaka 2016, kutofanya leseni upya kulipangiwa faini ya shilingi 1,000, na kuzidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa, shilingi 10,000.