Mvua ya jioni isikushushe baiskeli: Chagua treina bila kumaliza mfuko

Jioni Eldoret kuna vitu viwili huwezi kubishana navyo: mvua, na malori ya Uganda Road. Mimi nilianza kutafuta treina siku niliyofika nyumbani nimelowa chapachapa, taa ya nyuma imezimwa na maji, na lori limenipita karibu hadi nikahisi upepo wake begani.

Treina ni kifaa cha kushikilia baiskeli ya resi, ukanyage pedali bila kutoka nyumbani. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni rola: mitungi mitatu chini, na baiskeli inapanda juu bila kufungwa popote. Inafundisha balansi, lakini wiki ya kwanza utaanguka, usiseme sikukuambia.

Ya pili ni stendi. Gurudumu la nyuma linagusa kirola kidogo, na sumaku inafanya pedali ziwe nzito. Haihitaji stima. Kuna zinazotumia mafuta badala ya sumaku. Hizo zina kelele kidogo, na uzito hupanda kadri unavyoongeza kasi.

Ya tatu unatoa gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unazungusha mashine yenyewe. Ukiiunganisha na programu, mlima ukija kwa skrini, pedali zinakuwa nzito. Tamu kweli, lakini bei ni moto, na programu kama Zwift inadai pesa kila mwezi. MyWhoosh ni ya bure, lakini bado bando ni lako.

Kama mfuko ni mwepesi kama wangu, tafuta stendi ya sumaku ya mtumba. Kabla hujatoa pesa, nenda na baiskeli yako, ifunge hapo hapo. Hakikisha inashika ekseli yako na kirola kinazunguka bila kukwaruza. Uliza pia kama ile ekseli ya chuma iliyokuja na stendi bado ipo. Bila hiyo, inaweza kukataa kushika gurudumu lako.

Ukifika nyumbani, weka tairi kuukuu lisilo na meno, maana stendi inakula tairi. Tandika mkeka mzito chini, la sivyo jirani wa chini atakugongea mlango. Fungua dirisha, weka taulo karibu. Dakika 45 zinatosha: 10 za kupasha mwili, kisha mara 5 kaza dakika 3 na upumzike 2, halafu 10 za kupoa.

Lakini usiuze barabara kwa sababu ya treina. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na wageni hulipa nauli ya ndege kuja kuvuta hewa hii. Marehemu Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki 2022 mashindanoni Vermont, Marekani, alijinoa kwenye milima yetu hii. Stendi haifundishi kukata kona wala kupanda kwenda Iten.

Asubuhi kukiwa kukavu, toka. Giza na mvua vikiingia, achia malori barabara yao. Kesho bado unahitajika.