Mpenzi wa ndege aliyeipunguzia kelele treni ya kasi ya Japani

Treni inaingia kwenye handaki kwa kasi. Sekunde chache baadaye, upande wa pili, kabla hata treni yenyewe haijatokeza, unasikika mshindo kama wa mzinga na wakazi wa jirani wanashtuka.

Hiyo ndiyo shida iliyokuwa mezani kwa Eiji Nakatsu, mhandisi wa kampuni ya reli ya JR West, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ilitaka treni zake za Shinkansen zikimbie kilomita 300 kwa saa kati ya Osaka na Hakata. Lakini karibu nusu ya njia hiyo ni mahandaki, na Japani ina viwango vikali vya kelele. Yaani bila kupunguza kelele, kasi hiyo ingebaki kwenye makaratasi.

Nakatsu alikuwa na jambo lingine alilolipenda nje ya kazi: kutazama ndege.

Bundi kwanza

Kelele nyingine zilitoka juu ya paa, kwenye mikono ya chuma inayogusa waya wa umeme. Upepo ukiipiga, inavuma.

Hapo akakumbukwa bundi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ndege huyu akilia usiku watu hukosa usingizi, lakini akiruka humsikii. Manyoya ya mbele ya mabawa yake yana meno madogo kama ya msumeno, yanayovunja upepo kuwa vijimkondo vidogo visivyo na kelele. Wahandisi wakaiga meno hayo kwenye mikono ile ya chuma.

Kisha mdiria

Mshindo wa handaki ulikuwa mgumu zaidi. Treni yenye pua butu inapoingia, inasukuma hewa mbele yake kama pampu ya baiskeli. Hewa hiyo iliyobanwa inasafiri kwa kasi ya sauti na kulipuka kwenye mdomo wa pili.

Nakatsu akajiuliza: ni kiumbe gani anayehama ghafla kutoka mahali pepesi kwenda pazito? Mdiria, ndege mvuvi ambaye jamaa zake wapo hata Ziwa Victoria. Anatoka hewani, anachoma majini kufuata samaki, na maji hayaruki sana. Siri iko kwenye mdomo wake mrefu uliochongoka.

Hakuishia kwenye kufananisha tu, na hapa ndipo simulizi nyingi za ubunifu huruka hatua. Timu yake ilifyatua risasi za maumbo mbalimbali ndani ya bomba, ikapima mawimbi ya hewa, ikafanya hesabu kwa kompyuta. Umbo lililoshinda lilikaribia sana mdomo wa mdiria.

Treni hiyo, Shinkansen 500, ilianza safari Machi 1997 ikiwa na pua ya mita 15. Msukumo wa hewa ulipungua kwa asilimia 30 na matumizi ya umeme kwa asilimia 15.

Kwa nini ilifanya kazi?

Watu wengi hutazama ndege na hawabuni treni. Tofauti ni kwamba Nakatsu alikuwa tayari na swali linalomsumbua, na ujuzi wa kulipima jibu.

Charles Darwin naye, mwaka 1838, alichukua kitabu cha Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu ili ajiburudishe tu, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa ameshakusanya ushahidi kuhusu viumbe kwa miaka. Kitabu cha uchumi kikampa kipande kilichokosekana: mapambano ya kuishi.

Mdiria naye alikuwa na gharama yake. Umbo jembamba la Shinkansen 500 liliwabana abiria, hasa waliokaa dirishani. Iliyofuata, Shinkansen 700 ya mwaka 1999, ilikuja na behewa lenye nafasi zaidi ndani na pua bapa. Safari hii, inafanana na mdomo wa bata.