Vita vya Kete Mpakani: Ubao Mmoja, Sheria Mbili

Mpaka wa Uganda na Kenya una vita vyake visivyomwaga damu. Uwanja wake ni ubao wa mti wenye mashimo 32, yaliyopangwa safu nne za mashimo manane manane. Majeshi yake ni mbegu 64, na kila amiri hupewa 32. Kutoka Busia hadi Malaba, na kutoka hapo hadi mjini Tororo chini ya jabali lake kubwa, wanaume hukutana kivulini kupambana kwa mbegu hizo, na watazamaji huwa wengi kuliko wapiganaji.

Mganda huuita mchezo huu omweso, na mbegu zake huziita empiki. Mswahili wa pwani huuita bao, na mbegu zake ni kete. Mtu anayetazama kwa mbali atasema ni kitu kimoja, kwa kuwa ubao ni ule ule na hesabu ya mbegu ni ile ile. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Tuchukue mfano. Dereva wa lori ametoka Mombasa na shehena ya Kampala. Hati zake hazijamalizika, naye amekwisha kunywa chai vikombe vitatu. Kando yake ameketi askari aliyetoka lindo, mwenyeji wa Tororo, na ubao uko baina yao. Askari anazungusha mbegu zake, ya mwisho inaangukia shimo lenye wenzake katika safu ya mbele, naye ananyosha mkono na kuchota mashimo mawili ya dereva kwa mpigo, la mbele na la nyuma.

"Afande," asema dereva, "hilo la nyuma umelila kwa sheria gani?"

"Kwa sheria ya omweso, ndugu yangu. Kwani wewe unacheza nini?"

Wote wawili wana haki. Katika omweso, mbegu ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu katika safu ya mbele, na mashimo mawili ya adui yaliyoelekeana nalo yakawa yote yana mbegu, mchezaji huyateka yote mawili. Mateka hao hupandwa kuanzia pale pale mzunguko huo ulipoanzia. Katika bao la Kiswahili hutekwa shimo la mbele peke yake, na kete zilizotekwa huingizwa kwa kichwa, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele ya mtekaji. Safu ya nyuma ya mchezaji wa bao ni ghala lisilofikiwa na adui. Ya mchezaji wa omweso haina usalama huo ila pale ambapo shimo lililo mbele yake ni tupu.

Tofauti haziishii hapo. Omweso huenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, isipokuwa pale mchezaji anapoweza kuteka kwa kurudi nyuma kutoka mashimo manne ya kushoto kwake. Bao huenda pande zote mbili. Tena, mchezaji wa omweso hupanga mbegu zake 32 apendavyo kabla ya pambano, kama kamanda apangaye vikosi vyake usiku. Mchezaji wa bao hana uhuru huo. Huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, akiziingiza moja moja. Kipindi hicho huitwa namua, na zikiisha huanza mtaji.

Lipo pia pigo ambalo wachezaji wa omweso hulisimulia kwa muda mrefu baada ya siku yenyewe kupita, nalo ni emitwe ebiri, vichwa viwili. Mchezaji akiteka mashimo ya pembe zote mbili za adui katika zamu moja, vita vimekwisha hapo hapo, hata kama adui angali na mbegu tele. Dereva wetu wa Mombasa, ambaye kwake kichwa ni mlango wa kuingizia kete, hushangaa kuambiwa ameshindwa naye angali na jeshi zima.

Mataifa mengine nayo yamepigana mezani. Mwaka 1824, ofisa wa jeshi la Prusia aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa kuwafundisha maofisa, wenye ramani, vipande vya kuonyesha vikosi, dadu na mwamuzi. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wake hujifanya mashujaa wa nchi za kubuni na kuingia viwanjani kupigana na watu na majoka, ilhali mwamuzi husimulia yatokeayo. Huko kote dadu huamua kama pigo limepata au limekosa, hata shujaa hodari akaangushwa na bahati. Ubao wa Busia hauna dadu. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu ila hesabu yake mwenyewe, na labda ndiyo sababu hasira zake huwa kali zaidi.

Kitu ambacho mchezo wa Gygax na mwenzake unacho, na ambacho ubao wa mpakani mara nyingi hauna, ni mwamuzi. Wachezaji waliozoeana hutaja sheria kabla ya kugusa mbegu: leo omweso, kesho bao. Wasiozoeana hugundua tofauti katikati ya pambano, fedha zikiwa zimekwisha kuwekwa chini. Askari aliyeweka kamari posho ya wiki haamki hapo kwa hiari, na nyumbani kuna mama watoto anayengojea unga. Ni vigumu kuwalaumu akina mama wanaouchukia ubao, ingawa kosa si la ubao.

Mpaka wenyewe uliwekwa juu ya watu waliokuwa wamoja. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa utawala ambao baadaye uliitwa Kenya, na hata leo Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili. Februari 2018 marais wa nchi hizi walizindua kituo cha pamoja cha forodha hapo Busia ili magari yasikaguliwe mara mbili. Hata hivyo, mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, foleni za malori zilienea kilomita nyingi, na watu walilala barabarani siku kadhaa. Ubao haukosi wateja mahali penye kungoja.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba. Hayati Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao.

Familia isiyo na ubao haina haja ya kununua. Mashimo 32 yaliyochimbwa uani katika udongo mgumu yanatosha, na mtoto wa darasa la pili atajifunza humo kuhesabu, kujumlisha na kutoa bila kuhimizwa. Mbegu za komwe ndizo bora, kwa kuwa ni laini mkononi na hazipasuki upesi. Zikikosekana, vijiwe vya ukubwa mmoja vitafaa. Zihesabiwe kila jioni hadi zitimie 64, na zifungwe mfukoni mbali na mtoto anayetambaa, ambaye hatakawia kutia moja kinywani.