Shamba Darasa: Mkulima Anapomfundisha Mkulima Mwenzake

Shamba darasa ni kipande cha ardhi ambacho kikundi cha wakulima, kwa kawaida 20 hadi 30, hukilima pamoja ili kujifunza. Kipande hicho hugawanywa. Upande mmoja hulimwa kama kijiji kilivyozoea. Upande wa pili hulimwa kwa njia inayojaribiwa, iwe ni mbegu nyingine, nafasi nyingine ya kupandia, samadi, au kuacha kunyunyizia dawa. Wanakikundi hukutana hapo kwa kawaida mara moja kwa wiki, tangu kuandaa shamba hadi kuvuna, kwa hiyo masomo huwa na urefu wa msimu mzima. Anayeongoza huitwa mwezeshaji, na kazi yake kubwa ni kuuliza maswali.

Siku ya mkutano huanzia shambani kabla jua halijawa kali. Wakulima hugawanyika katika makundi ya watu wachache, na kila kundi huchagua mimea kama 10 na kuikagua mmoja mmoja: urefu wake, idadi ya majani, rangi yake, wadudu waliojificha chini ya jani, unyevu wa udongo shinani. Kisha watu hukaa kivulini na kuchora walichokiona kwenye karatasi kubwa. Mmea huchorwa katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu wanaowala waharibifu hao upande wa pili, na juu yake jua au wingu la siku hiyo. Kila kundi husimama na kueleza mchoro wake, wengine huhoji, na mwisho huamuliwa la kufanya wiki hiyo: kupalilia, kusubiri, kuongeza samadi, kunyunyizia au kutonyunyizia. Wiki inayofuata shamba lenyewe hutoa jibu. Asiyejua kusoma huchora na kueleza sawa na aliyemaliza sekondari, na mara nyingi humshinda kwa sababu amekaa na mazao miaka mingi zaidi.

Lipo zoezi moja dogo ambalo hubadili mawazo kuliko hotuba nyingi. Kiwavi huwekwa ndani ya chupa pamoja na buibui au vunjajungu, mdomo wa chupa hufunikwa kitambaa, na watu huacha usiku upite. Aliyezoea kuona kila mdudu kuwa adui hukuta asubuhi kwamba mmoja amemla mwenzake. Kuanzia hapo hunyunyizia dawa kwa kufikiri, kwa sababu anajua inaua na walinzi wa shamba lake pia.

Njia hii ilizaliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia. Serikali ya huko ilikuwa imehimiza viuatilifu kwa miaka mingi na kuvitolea ruzuku. Matokeo yake, buibui na wadudu wengine walaji waliangamia, na mdudu mdogo mrukaji wa rangi ya kahawia, anayefyonza utomvu wa mpunga, akazaana bila kuzuiwa na kuharibu mashamba makubwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku viuatilifu vya aina 57 kwenye mpunga. Lakini marufuku peke yake haimwambii mkulima afanye nini anapoona majani yakikauka. Ndipo kuanzia mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na wataalamu wa Indonesia, walipoanzisha mashamba darasa ya kwanza kisiwani Java. Leo njia hiyo inatumika katika nchi zaidi ya 90, kwa mazao ya kila namna na hata kwa mifugo.

Thamani ya mkulima kuamua mwenyewe huonekana vizuri zaidi pale aliponyimwa nafasi hiyo. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi ardhi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na wataalamu waliona dawa yake ni matuta ya ngazi, ambayo Waluguru walilazimishwa kuyachimba. Lakini sehemu nyingi za mlima huo zina tabaka jembamba tu la udongo wenye rutuba. Kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na nguvu, na mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Watu waliona hivyo kwa macho yao, lakini hakuna aliyewasikiliza. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Upande wa pili wa mlima huohuo, Mgeta, kwenye mboga za kuuza na maji ya kumwagilia, matuta yalifaa na wakulima waliendelea nayo. Utaalamu ulikuwa uleule na mlima uleule. Kilichokosekana Matombo ni jaribio dogo, katika shamba moja, mbele ya wenye mlima, kabla ya amri.

Hata baada ya uhuru, ugani kwa muda mrefu ulishuka kutoka juu. Bwana shamba alipokea ujumbe kutoka wizarani au kituo cha utafiti na kuufikisha kwa wakulima wachache waliochaguliwa, kwa matumaini kwamba wengine wataiga. Vijiji vilikuwa vingi, maafisa ugani wachache, pikipiki haikuwa na mafuta, na ujumbe ulikuwa mmoja kwa bonde na kwa mlima.

Mashamba darasa yalifika Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1990, yakianzia magharibi mwa Kenya. Mwaka 1999 mradi wa FAO na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, uliyaeneza Kenya, Tanzania na Uganda; kwa upande wa Tanzania, Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza. Utafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, IFPRI, katika nchi hizo tatu, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba mapato ya washiriki yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 61, na kwamba wanawake na wenye elimu ndogo ya shule walinufaika vizuri. Hesabu hiyo haikuwa sawa kila nchi, lakini ilitosha kuonyesha kwamba darasa la namna hii linamfaa yule ambaye madarasa mengine humwacha nyuma.

Ipo pia hesabu isiyofurahisha, na haifai kufichwa. Wanauchumi wa Benki ya Dunia waliochunguza Indonesia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mavuno ya waliohitimu yalikuwa yamepanda, na waliona kwamba maarifa hayakusambaa sana kwa majirani ambao hawakuhudhuria. Sababu yake inaeleweka. Kanuni ya kupanda kwa nafasi inaweza kupokelewa kwa kuchungulia juu ya uzio. Uwezo wa kusoma shamba, kupima na kuamua, haupiti juu ya uzio. Unahitaji watu kukaa pamoja tena na tena. Hapo ndipo umuhimu wa mitandao ya wakulima unapoanzia.

Mnyauko wa migomba unaonyesha jambo hilo kuliko mfano mwingine wowote katika ukanda wa Maziwa Makuu. Ugonjwa huu wa bakteria ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, ukaripotiwa Kagera mwaka 2006, na pia kuzifikia Kongo, Rwanda, Kenya na Burundi. Majani hulegea na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati na zikikatwa ndani zimeoza. Kwa Wahaya, ambao kibanja cha migomba ndicho chakula, heshima ya nyumba na mahali pa kuzikia wazee, hasara yake haipimwi kwa mikungu pekee.

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoutibu. Kuna mambo ya kufanya kwa mikono. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, huondolewa mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu wadudu wanaofuata utamu wake hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Panga na jembe husafishwa kwa moto au kwa dawa ya madoa baada ya kila shina. Shina lililougua hukatwa. Miche huchukuliwa mahali palipothibitishwa kuwa salama. Yote haya mtu anaweza kufundishwa kwa siku moja, na bado yasimsaidie chochote. Nyuki hasomi mipaka. Mwenye kibanja anayeondoa maua dume kila asubuhi atapoteza migomba yake ikiwa jirani hafanyi hivyo, na rafiki wa kijiji cha pili anayeazima panga anaweza kulirudisha likiwa na ugonjwa. Kwa hiyo Kagera mashamba darasa yalienda pamoja na sheria ndogo za vijiji na ukaguzi wa pamoja. Kukata migomba ya mtu ni jambo zito. Linakubalika pale tu ambapo waliokuja kuikata ni majirani waliokata kwanza ya kwao.

Mitandao mingine imekua kutokana na kutembeleana na, baadaye, biashara. MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, ulianzishwa mwaka 1993 mjini Morogoro na wakulima 22 kutoka mikoa kadhaa, kwa msaada wa walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kaulimbiu yake ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Mwanzoni walichotaka kilikuwa kutembeleana: mkulima wa Iringa aone anavyolima mwenzake wa Tanga, alale kwake, arudi na mbegu mfukoni. Ziara hizo zingali zina nguvu kuliko semina ya hotelini, kwa kuwa mgeni huuliza gharama, vibarua na bei, maswali ambayo wataalamu huwa hawaulizwi.

Lakini anayelima vizuri na kuuza vibaya hurudi kwenye kilimo cha zamani. Wauza mboga, viazi na mahindi wanaijua lumbesa, gunia linaloongezwa kichwa juu ya kipimo chake na kulipwa bei ya gunia moja. Mkulima aliye peke yake kando ya barabara, jua likizama na karoti zikinyauka, hana ubavu wa kukataa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 MVIWATA ilishiriki katika kujenga masoko ya vijijini, likiwemo la mboga la Nyandira, huko Mgeta, na la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambalo limekuwa moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini. Mahali ambapo wauzaji wengi wanakutana kwenye mizani na bei inasikika, lumbesa huwa ngumu, na ndipo mwenye shamba la mteremkoni anapopata sababu ya kuutunza udongo wake kwa msimu ujao.

Katika mkoa huohuo wa Morogoro kuna kidonda ambacho darasa la mazao peke yake haliwezi kukiponya. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu 38. Chanzo cha ugomvi wa namna hiyo mara nyingi ni maji na malisho wakati wa kiangazi. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, lenye kituo cha mafunzo Vianzi wilayani Mvomero, limefanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani, kuwakalisha Wamasai na wakulima katika darasa moja. Mkulima ana mabua na maganda ya mazao anayoyachoma. Mfugaji ana samadi iliyojaa zizini. Wakibadilishana, ng'ombe hupata chakula cha kiangazi na mahindi hupata rutuba. Wafugaji pia hujifunza kupanda na kuhifadhi nyasi kavu, ili mifugo isilazimike kuhama. Hii si suluhu ya kila mgogoro wa ardhi, kwa kuwa mipaka na sheria ni kazi ya serikali, lakini watu wanaouziana samadi hupeana namba za simu, na ng'ombe anapoingia shambani mtu huanza kwa kupiga simu.

Katika ufugaji, kanuni ya kupokezana ni ya zamani kuliko mashamba darasa. Kwenye utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, familia hujenga banda na kupanda majani kwanza, hupewa mtamba, na ndama jike wa kwanza humpa jirani. Elimu huenda pamoja na ndama, kwani anayetoa ana haja ya kuona mnyama wake akitunzwa. Kwa upande wa mbegu, vikundi nchini Tanzania huruhusiwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na kuuziana karibu na nyumbani. Redio, na siku hizi makundi ya simu, husaidia kupeleka mbali habari ya bei au ya mdudu mpya, kama viwavijeshi vamizi vilipofika Afrika Mashariki mwaka 2017.

Udhaifu mkubwa wa shamba darasa ni kwamba mara nyingi huishi kwa umri wa mradi. Mfadhili akiondoka, mwezeshaji hupoteza nauli na karatasi huisha. Saa ya kukutana nayo huamua nani ajifunze: mkutano wa asubuhi huwafungia nje wanawake ambao saa hiyo wapo kisimani au jikoni, na kikundi kinachojali huwauliza wao kwanza. Vikundi vinavyodumu kwa kawaida vina shamba la pili, la biashara, kando ya lile la kujifunzia. Mavuno yake huuzwa, fedha huingia katika sanduku la kuweka na kukopa lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kutoka humo hulipwa nauli ya mwezeshaji, ambaye baada ya misimu michache huwa ni mhitimu wa kikundi chenyewe aliyetumwa kuanzisha kingine kijiji cha jirani.