Kisanduku cha Onyo Kisomwe Kabla ya Kubonyezwa

Kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali zetu za umma zinahama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta. Tabibu akimwandikia amoksilini mgonjwa mwenye mzio wa penisilini, mfumo ulioandaliwa vyema hufungua kisanduku cha onyo, kwa kuwa mzio huo waweza kubana pumzi na kuua. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa asilimia 49 hadi 96 ya maonyo ya dawa hupuuzwa. Yakizidi, jicho huyazoea. Onyo bora hutaja hatari, sababu na dawa mbadala. Lakini kompyuta haionyi jambo ambalo haikuambiwa. Mgonjwa wa Bariadi, Maswa au Meatu, taja mzio wako hata usipoulizwa. Nawe mhudumu, uuandike, na onyo likitokea, lisome.