Mukanda ukisimama ukiwa umejaa: kinachotokea umeme ukikatika

Kwenye viwanda na migodi mikubwa ya mashariki mwa Kongo, kama Kibali huko Haut-Uele au kiwanda cha simenti cha Kabimba karibu na Kalemie, mawe hayabebwi mgongoni. Yanapanda juu ya mukanda mrefu wa mpira unaozunguka. Ukisimama mtupu, hakuna neno. Ukisimama umejaa, hapo njo shida inaanza.

Tuchukue mfano wa mukanda wa metre 200, wenye kubeba kilo 60 kwa kila metre. Umeme ukikatika, tani 12 zinabaki zimelala juu yake. Motere ilikuwa inasukuma mzigo ulio tayari kwenye mwendo. Sasa inaombwa kuuamsha wote kwa mara moja. Motere ya kawaida, ikiwashwa moja kwa moja, inavuta umeme mara 5 hadi 7 kuliko wakati wa kazi. Mzigo ukiwa mwingi, muda huo unarefuka na nyaya za ndani zinapata moto. Kujaribu mara tatu, mara ine mfululizo, kama mtu mwenye kuwasha gari bovu, ni kuiunguza.

Pengine motere inashinda lakini mukanda unakataa. Lile gurudumu kubwa la kuvuta, mafundi wanaliita tamburi, linazunguka chini ya mpira uliosimama. Msuguano unazaa joto, na joto linaweza kuzaa moto. Si hadithi: tarehe 26 Septemba 1950, kwenye mgodi wa makaa wa Creswell huko Uingereza, mukanda uliochanika ulikwama mahali pa kumwagia makaa, msuguano ukawasha moto, na wachimbaji 80 wakafa.

Mzigo ukilala usiku mzima ni mambo mengine. Mvua inauongezea uzito. Udongo wa mfinyanzi unashikamana na mpira, na simenti ikipata maji inakuwa jiwe. Klinka, yale mawe yanayotoka kwenye tanuru ya simenti, ikikaa mahali pamoja ikiwa na moto inachoma mpira. Na kama mukanda unapanda mlima na breki yake ya kuzuia kurudi nyuma imechoka, mzigo wote unashuka na kufunika sehemu ya chini.

Ndiyo sababu kusimamisha kuna utaratibu wake: kwanza kukata mawe yanayoingia, kuacha mukanda umwage wote, kisha kuzima. Ikiwa mikanda ni mingi, kuwasha kunaanza na ule wa mwisho, la sivyo wa kwanza unamwagia mawe kwenye uliosimama.

Lakini umeme wa kwetu hauombi ruhusa kabla ya kwenda. Basi vijana wanatumwa na mabeleshi, na hapa njo hatari kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hasara ya motere. Umeme unaweza kurudi mtu akiwa amesimama juu ya mukanda. Kubonyeza kifungo cha kusimamisha hakutoshi, maana mwingine anaweza kukifungua bila kujua. Inabidi kukata umeme kwenye sanduku lake, kila anayepanda aweke kadena yake mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake, si kwa shefu. Kisha kujaribu kuwasha, kuhakikisha kweli haiwaki.

Hata hapo mukanda haujalala kabisa. Umevutwa kama mpira wa manati, na ule uzito unaoukaza bado unaning'inia. Mzigo ukitolewa upande mmoja, unaweza kuruka hatua kadhaa bila umeme wowote. Unafungwa kwanza usiweze kutembea, ndipo beleshi linaingia.

Si lazima kutoa mawe yote. Mara nyingi yakipunguzwa, motere inaweza kuamsha yaliyobaki. Watu wanahesabiwa wote wakiwa chini, mukanda unafunguliwa, kadena ya mwisho inatoka, mmoja anabaki karibu na kamba ya kusimamisha, na mukanda unawashwa mara moja tu. Ukikataa, kunazimwa na kuendelea kupunguza.